Kitabu cha Damari Kilicholipa Hongo

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza habari za Kwa Mtoro, na kila nikianza kusimulia kengele ya darasa inalia au chungu kinafurika. Basi nimekaa niandike mara moja, mpokezane, na mwenye kunicheka anicheke akiwa kwake. Habari za kuomba ruhusa na kutafuta lori nitaziruka, maana hazina ladha.

Baba yangu mnamfahamu, Mwalimu Danieli, na mnajua kwamba zamani aliandika kitabu cha hadithi alizosimuliwa na mama yake, *Sungura Mchunga Ng'ombe*. Mlichosoma ninyi shuleni ni chapa ya pili, ile iliyopigwa pwani, ambayo sungura amevalishwa kaptula na hadithi mbili zimeondolewa kwa sababu padri fulani aliona fisi ana mdomo mchafu. Chapa ya kwanza ilipigwa kwenye mtambo mdogo wa misheni, maboksi yakawekwa sakafuni. Mnaijua Dodoma yetu: ukiweka kitu sakafuni umewaandalia mchwa. Zilizopona ni nakala chache ambazo baba alikuwa amezileta nyumbani kwetu Kikuyu, hapo hapo Dodoma, akazifungia kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini. Hizo hauzi wala haazimi. Mtoto wake akifunga ndoa, baba hufungua sanduku, huchovya kalamu, humwandikia maneno kwenye ukurasa wa mwanzo na kumkabidhi mbele ya watu. Kaka zangu wanazo zao. Yangu inamsubiri mume ambaye naona amepotea njia.

Ya Damari, dada yangu mkubwa, ilibaki sandukuni. Damari alimpenda Hamisi, Msandawe wa Kwa Mtoro, upande wa Kondoa, Mwislamu, na baba, ambaye husoma masomo kanisani kila Jumapili, alisema hatakanyaga harusi hiyo. Hakukanyaga, na sisi wote tukakatazwa. Miaka ikapita. Damari hakuleta mguu, baba hakutuma salamu, na mama akawa mtu wa kutoka nje kila lori la Kondoa linapopiga honi.

Halafu asubuhi moja, bila kuulizwa na mtu, baba akafungua sanduku, akaandika, akapuliza wino ukauka, akaniita.

"Mpelekee dada yako. Usimwambie neno. Mpe tu."

Nilichungulia nikiwa uani. Kaka zangu waliandikiwa nusu ukurasa na mistari ya Zaburi juu yake. Damari aliandikiwa hivi: "Kwa Damari. Kutoka kwa baba yake." Basi, na chini yake ukurasa mtupu kama uwanja wa mpira. Mama alinifuata, akanishika mkono.

"Akikipokea, atakuja nyumbani," alisema. "Akikirudisha, Perisi, sitamwona tena mwanangu."

Huo ndio mzigo niliobeba. Kitabu chenyewe kilikuwa chepesi.

Majengo hadi Mayamaya

Msichana haendi peke yake kwa wakwe wa dada yake, kwa hiyo nilipewa Shangazi Rakeli, dada yake baba. Shangazi ana sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde na hajui maana ya siri. Kabla lori halijamaliza kupakiwa chumvi pale Majengo, wauza nafaka wote walikwisha kujua tunakwenda wapi, kumpelekea nani nini, na kwa nini harusi haikuhudhuriwa. Nilimfinya. Akauliza kwa sauti kwa nini namfinya.

Tuliambiwa tutaondoka asubuhi. Jua lilipofika utosini tulikuwa bado tunakula maandazi tuliyofunga kwa ajili ya njiani. Dereva alikuwa Kasimu, mtu mzima mwenye tumbo na kofia ya kufumwa, na alikuwa akilizunguka lori lake akilipigapiga kama mtu anunuaye mbuzi. Mwishowe tukaondoka, Shangazi mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Mvua za kwanza zilikwisha kuilainisha barabara, na kila tulipozama abiria wa nyuma tulishuka kusukuma huku Shangazi akitutia moyo akiwa dirishani.

Tulipofika Mayamaya rejeta ikachemka. Tukashuka wote. Ndipo Kasimu alipomuuliza Shangazi kabila letu, kwa adabu kabisa.

"Wagogo sisi, wa hapa hapa," alisema Shangazi. "Na wewe?"

"Mnyamwezi, mama. Mtu wa Tabora."

Shangazi akapiga makofi. "Kumbe tumebebwa na mpagazi wetu. Mwanangu, tembea polepole, usitumwage."

Nikajua tumekwisha. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na mtani akishaanza hakuna mwamuzi. Kasimu akavua kofia, akaiweka juu ya boneti, akageukia abiria wote kama wakili.

"Jamani, nisikilizeni. Babu zangu walipita nchi hii na pembe za ndovu mabegani. Babu zake mama huyu wakawakalia njiani. Unataka maji? Toa kitambaa. Unataka kupita? Toa shanga. Hongo kwa huyu, hongo kwa yule, mpaka Mnyamwezi anafika pwani yuko uchi. Leo Mgogo anapita ndani ya gari la Mnyamwezi. Nani anamtoza nani?"

"Haki yako," walisema abiria, wasaliti wakubwa.

"Mna nini?"

"Tuna kitabu," alisema Shangazi.

Kabla sijafunga mkoba kitabu kilikuwa kwapani mwa Kasimu. Na ninyi mnajua desturi: kitu alichochukua mtani hunyang'anyi, na ukikasirika umeshindwa. Unakomboa. Nilimpa maandazi yaliyosalia. Akayala yote, akajifuta midomo, akasema hayo yamekomboa jalada tu. Nikamuuliza anataka nini basi. Akanyoosha kidole kwenye debe tupu, halafu kule kisimani.

Hivyo ndivyo mwalimu wenu wa hesabu alivyobeba maji ya rejeta kichwani, amevaa viatu vya kanisani, huku Mayamaya nzima ikimsindikiza. "Leo Mgogo ni mpagazi," alikuwa akiimba Kasimu, na Shangazi, damu yangu mwenyewe, alikuwa akiitikia.

Niliporudi alinipa kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima. Nilikifungua. Chini ya maneno ya baba alikuwa ameandika kwa kalamu ile ya zambarau ya kulamba, isiyofutika: "Kitabu hiki kimelipa hongo. Mgogo amebeba maji. Ni mimi Kasimu, mtani wao."

"Umeandika ndani ya kitabu cha watu?"

"Dada, nafasi ilikuwa imeachwa." Alishangaa kweli. "Ningepita bila kusalimia?"

Nilimtazama Shangazi anitetee. Shangazi alitazama ukurasa, akahesabu mistari kwa kidole ingawa hasomi.

"Baba yako ameandika juu kabisa, akaacha shamba lote chini," alisema. "Alimwachia nani, kama si watu? Zawadi haipiti mlangoni kwa mtu bila salamu."

Nilipanda juu ya magunia yangu nikanuna mpaka jua likazama. Damari namjua. Ni mtu mwenye fahari, na fahari yake ni ya baba kabisa. Akiona maneno mawili ya baba na chini yake Mnyamwezi anacheka, ataona tumemletea mzaha.

Kizuizi cha mbung'o

Kabla ya kufika Chemba kuna kizuizi cha serikali cha mbung'o. Asiyekijua ni hivi: lori huingizwa kwenye banda refu lenye giza ili wale wadudu wakimbilie mwanga wa dirishani wanaswe, na ninyi mnashuka, mnasimama foleni, na askari mwenye wavu anakukagua mgongoni, vikapuni, hata kwenye kilemba. Askari wetu alikuwa Mrangi mrefu, kaptula imepigwa pasi ungeweza kuikatia mkate. Hakuwa na mchezo. Shangazi alipomwambia kwamba mbung'o mwenye akili hawezi kukaa kwenye nguo za mwanamke aliyeoga, alimkagua mara ya pili.

Kisha akauliza ndani ya mkoba kuna nini. Nikasema kitabu. Akasema mdudu hukaa popote. Akakifungua, akakipukuta, akapeperusha kurasa moja moja, akafika kwenye hadithi ya fisi na kuhani wa mvua. Macho yake yakasimama. Midomo ikaanza kucheza.

"Hii haimo," alisema.

"Haimo wapi?"

"Kwenye kitabu cha mtoto wangu. Sungura yupo, tena ana kaptula. Fisi huyu hayupo."

"Hiki ni chapa ya kwanza," nilisema, na nilisema kwa majivuno, sikatai. "Fisi aliondolewa baadaye."

"Kwa kosa gani?"

Badala ya kusubiri nimjibu, akasoma mwenyewe ili ajue kosa. Akaanza kwa sauti ndogo, halafu abiria wakamwambia apaze. Akapaza. Watu wakakaa chini. Wenzake wakaja na nyavu zao. Msomaji mzuri alikuwa, jamani, sauti ya fisi akaitoa puani, na yale maneno ambayo padri aliyakataa akayasema taratibu ili kila mtu apate haki yake. Nyuma yetu likaja gari dogo la Mzungu wa idara yao, likapiga honi. Askari akasimama wima, akapiga saluti kitabu kikiwa mkononi.

"Unafanya nini?" aliuliza Mzungu.

"Ninakagua, bwana."

Mzungu akatazama mkusanyiko ule wa watu waliokaa, akatazama kitabu, akasema, "Sawa, kagua vizuri," akapita. Tukamaliza hadithi.

Nilidhani tumesalimika. Lakini kila kinachopita kizuizini huandikiwa kwamba kimekaguliwa, na yule bwana alikuwa mtu wa kazi yake. Aliuona ukurasa wa mwanzo, akaona wengine wamekwisha kuandika, akaona nafasi. Alipiga goti moja, akaweka kitabu juu ya goti lingine, akaandika kwa hati nzuri ya darasani: "Kimekaguliwa. Hakina mbung'o." Na sahihi ndefu yenye mkia.

Chemba

Chemba tulishushwa penye duka moja, kwa kuwa Kasimu alikuwa anaendelea Kondoa. Aliagana na sisi kwa kumwambia Shangazi kwamba babu zake wamefurahi huko waliko. Shangazi akamwambia mgongo wake bado una alama ya mzigo. Wakashikana mikono muda mrefu kama ndugu.

Wenye duka walikuwa Wahindi, mume na mke, na mke, Mama Zarina, alipoona wanawake wawili wamelowa alitutoa barazani akatuingiza jikoni kwake. Alitupikia wali uliochanganywa na dengu, laini kabisa. Shangazi alionja, akauliza kwa huruma nani anaumwa humu ndani, kwa sababu kwetu chakula laini namna hiyo hupikiwa mgonjwa. Mama Zarina alidhani Shangazi ndiye anayesema anaumwa, akamwongezea. Kila Shangazi alipomuulizia mgonjwa ndivyo sahani ilivyojaa. Kisha akaona achari ya ndimu kwenye kibakuli, akadhani ni mboga, akachota upawa mzima. Sikuwahi kumwona Shangazi akinyamaza hivyo. Alinyamaza mpaka machozi yakamtoka, na alipopata sauti alisema, "Nipe tena."

Wao wakiongea, mimi nilichukua kipande laini cha chapati nikajaribu kumfuta Kasimu. Msijaribu. Rangi ya zambarau ilitanda ukurasa ukavilia kama goti la mtu aliyeanguka, na maneno yakabaki palepale yakisomeka vizuri kuliko mwanzo. Mama Zarina akanikuta nalia.

Shangazi alimweleza yote, bila kupunguza. Mama Zarina akapangusa mikono, akakichukua kitabu, akatazama maneno ya baba muda mrefu.

"Dada yako aliolewa, kwao hakwenda mtu?"

"Hakwenda mtu."

"Mimi pia, nilipokuja kuolewa huku, kwetu hakuja mtu. Mbali, bahari. Lakini mama aliniandikia neno moja." Alikaa chini, akaandika kwa maandishi yao ya Kihindi, taratibu, yananing'inia kama nguo kwenye kamba. Nilimuuliza maana yake. Alisema ni neno la mama yake, kwa Kiswahili hajui kulisema, ila atakayelipata asiogope nyumba ngeni. Nilishindwa kumkasirikia. Mumewe naye, asije akaonekana hakushiriki, akaenda dukani akarudi na muhuri, akapiga chini ya maandishi ya mkewe: Duka la Nguo na Nafaka, Chemba. Aliupuliza ukauka, akaridhika.

Mto Bubu

Kutoka pale tulikwenda kwa miguu pamoja na wasafiri wengine na punda wao, tukakuta Bubu umejaa. Maji mekundu yanashuka na matawi mazima. Hakuna la kufanya ila kukaa ng'ambo hii na kuutazama. Tulikula karanga, halafu tukala karanga, halafu mtu mmoja akauza kuku wake tukamla. Shangazi alikwisha kuwa mwenyeji, akawagawia watu kazi za kuokota kuni.

Kulikuwa na Maalimu Idi, Mrangi, mzee mkimya aliyekuwa anakwenda kufundisha chuo cha Korani ng'ambo. Alipokwisha kusikia habari zetu, kwa sababu zilisikika mpaka mtoni, aliniomba akitazame kitabu. Nilikataa. Nilisema kimejaa. Alirudi kwenye mkeka wake, lakini watu wakapoa, na Shangazi akanipa jicho ambalo sijapewa tangu nilipovunja mtungi.

Siku maji yalipopungua vijana walisema tutavuka kwa kushikana, maji yatafika kifuani. Mimi ni mfupi. Kifua chao ni pua yangu. Nikasimama ukingoni na mkoba wangu, nimechanganyikiwa, na Maalimu Idi akaja, akafungua kilemba chake, akanyoosha mkono. Nikampa kitabu. Alikikunja ndani ya kilemba, akakiweka kichwani, akavuka nacho wima akisoma dua chini kwa chini, mimi nikivutwa nyuma yake nikinywa mto. Shangazi alivushwa na vijana wanne naye akawa anawakemea wasimtikise.

Ng'ambo akakifungua. Hakikupata tone. Akanipa, akageuka aende zake. Mnadhani ningefanyaje?

"Maalimu, samahani," nilisema. "Tafadhali tuandikie."

Aliandika kwa herufi za Kiarabu, mstari mmoja chini kabisa, akanisomea: Mungu aitie baraka nyumba hii na watoto wake. Nilisema amina, nikasema asante, na moyoni nikasema kwaheri kwa maisha yangu. Baba, msomaji wa masomo, aliyekataa harusi kwa sababu ya dini, sasa ana dua ya maalimu chini ya jina lake.

Kwa Mtoro

Hamisi alituona kwa mbali, na alipotambua kwamba mwanamke mnene yule ni shangazi wa mkewe, alikimbilia nyuma ya ghala. Damari alimfundisha desturi yetu, kwamba mkwe hakai uso kwa uso na wakubwa wa mkewe, na alikuwa ameishika kuliko Mgogo yeyote ninayemjua. Salamu zote zilitoka nyuma ya ghala.

"Mwambieni mama shikamoo."

"Mwambieni marahaba, na aseme watoto hawajambo?"

Alikuwa hatua chache tu, kila mmoja akimsikia mwenzake, lakini ilibidi mimi nisimame katikati nirudie kila neno. Majirani waliokuja kutazama waliongea Kisandawe chao, ulimi unaalika mdomoni kama kuni kavu motoni, na nikajua tunachekwa kwa upendo. Tuliletewa ugali wa mtama na asali ya masega, na Shangazi akanituma nyuma ya ghala nikaseme asali hiyo ni ya mkwe mwema.

Damari alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Amenenepa, ana watoto wawili wenye paji la uso la baba. Aliniuliza habari za mama, za kaka, za mbuzi, za kila mtu isipokuwa mmoja. Nilisubiri ale, nilisubiri anawe, nilisubiri watoto watulie. Mwishowe nikampa kitabu kama nilivyoagizwa, bila neno.

Alijua ni nini kabla hajakigusa. Alikipokea kwa mkono mmoja, akakifungua, nikaona macho yake yanasoma mstari wa juu, na uso wake ukafungwa.

"Maneno haya tu," alisema. "Miaka yote hii, kitabu cha harusi, na maneno haya tu."

Nilitaka kumwambia kwamba baba alifungua sanduku bila kuulizwa na mtu, lakini nilikatazwa kusema. Akaanza kukifunga anirudishie. Niliona kabisa mkono unakuja. Halafu jicho likaanguka chini.

"Kimelipa hongo?" alisema.

Akakifungua tena. Akasoma, akavitazama viatu vyangu vya kanisani vilivyoharibika. "Ulibeba maji?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea. Alipofika kwa mbung'o alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa, akaziba mdomo, ikashindikana, akacheka mpaka akakaa chini. Hamisi akauliza nyuma ya ghala kuna nini. Damari akamsomea kwa sauti, mstari mmoja mmoja, naye akawasomea majirani kwa lugha yao, kicheko kikazunguka nyumba. Nilimweleza aliyoyasema Mama Zarina. Nilimweleza habari za Maalimu Idi na kilemba chake. Hapo hakucheka. Alipitisha kidole juu ya mstari wa Kiarabu, polepole, na machozi yakaanza kumtoka, na mimi nikaanza kumwomba msamaha, kwamba nilijaribu kufuta, kwamba sikuweza kuwazuia.

"Uwazuie kwa nini?" alisema. "Perisi, mimi niliolewa kama mtu anayehama chumba. Hakuna mtani aliyenizuia mlangoni. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyeniambia neno sikioni. Hakuna aliyeniombea mbele za watu. Nilivaa nguo nikaja." Alikifunga kitabu akakibana kifuani kwa mikono miwili. "Mwambie baba nimepokea. Mwambie harusi yangu imefika, na wamekuja wote isipokuwa yeye."

Shangazi Rakeli aliinuka. Alipiga kigelegele.

Kikuyu tena

Kurudi hakukuwa na jambo, Bubu ulikuwa umepungua hadi magotini na lori halikuchemka. Nyumbani baba alikuwa kibarazani. Hakuniuliza kama kimepokelewa. Mama ndiye aliyeuliza, kwa macho, nikamwitikia, akaingia ndani haraka.

Kisha baba akataka kujua kwa nini viatu vyangu viko vile. Ikabidi niseme. Nilisema yote, kila mstari na aliyeuandika, nimejiandaa kufukuzwa. Nilipofika kwa Kasimu alinigeuzia mgongo na mabega yakamtikisika, nikadhani ni hasira, mpaka nilipomwona akijifuta macho akicheka. Nilipofika kwa maalimu akanigeukia.

"Aliandika juu ya maneno yangu au chini?"

"Chini, baba. Chini kabisa."

"Basi ana adabu kunishinda mimi," alisema. "Mimi niliandika kama mtu anayeandikia ofisi. Nilikosa, Perisi. Nilikosa tangu siku ile."

Nikampa maneno ya Damari kama alivyoyasema. Baba alikaa pale mpaka mama akamwita kula, na hakula sana.

Asubuhi nilimkuta mama jikoni peke yake, anapepeta uwele, anaimba. Koti la baba la Jumapili halikuwa kwenye msumari wake. Nikamuuliza baba yuko wapi.

"Ameondoka kabla ya chai," alisema mama. "Ameenda harusini."